Filta nne za kamera nilizozijaribu Matema: ipi inafaa kwa povu la kwenye mawe na ipi ya kuacha dukani

Wadau wa picha, nimekaa na hizi filta miezi minne sasa, na juzi tu nimerudi Matema nilikokaa siku tatu kwa ajili ya kuzijaribu kwenye mawe ya kule mwisho, ule upande wa Lyulilo unapoelekea Ikombe, kwahiyo naandika begi bado lina mchanga. Ni boksi la filta nne za milimita 77, CPL moja (ile ya kuzungusha, inayopunguza mng'ao wa maji) na ND tatu (zile nyeusi za kupunguza mwanga), yaani ND8, ND64 na ND1000. Nilinunua kwa simu kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo, TSh 120,000 pamoja na pete ya kupandishia saizi maana mdomo wa lensi yangu ni wa milimita 58, mzigo ukaja na basi na kesho yake nikaupokea Mbeya. Jina lililo kwenye boksi siliweki hapa kwasababu filta hizohizo nimeziona kwa muuzaji mwingine zikiwa na jina jingine kabisa, kwahiyo jina halitakusaidia, kitakachokusaidia ni kujua namba ipi ununue.

Na jibu langu nalitoa mapema kabisa kwa mwenye haraka: kama unataka kupiga maji yanayopiga mawe na povu lionekane ni povu, chukua CPL na ND8, ukiwa na hela ya ziada ongeza ND64, ile ND1000 iache dukani.

Kwa ambaye hajawahi kushika filta ya ND, ni kioo cheusi unakifunga mbele ya lensi kupunguza mwanga unaoingia, basi, kazi yake ndo hiyo. ND8 inapitisha sehemu moja ya nane ya mwanga, wenyewe wanaita stopi 3, kila stopi ni kupunguza mwanga nusu. ND64 ni sehemu moja ya 64, stopi 6. ND1000 ni karibu sehemu moja ya elfu, stopi 10. Mwanga ukipungua inabidi shata, yaani kile kipazia cha ndani ya kamera kinachofunguka kupiga picha, ikae wazi muda mrefu zaidi, na kitu chochote kinachotembea shata ikiwa wazi kinajichora. Maji ni meusi au ya kijani, povu ni jeupe, kwahiyo kinachojichora na kuonekana ni povu. Utamu wote uko hapo, na hela yetu nyingi inapotea hapohapo, maana tumeshaangalia sana picha za watu wa Ulaya maji yamekuwa kama moshi, tunaamini kwamba filta ikiwa nyeusi zaidi ndo ya kitaalamu zaidi. Mimi niliamini hivyo. Hii ND1000 ndo iliyonifanya ninunue boksi zima.

Nieleze nilivyozikagua kwanza kwasababu wengi tunanunua kwa kuona picha tu kwenye simu. CPL ina kioo mara mbili, cha mbele kinazunguka. Pale ofisi ya mizigo dada alikuwa na kikokotoo mezani, nikamuomba, nikaweka CPL mbele ya kile kidirisha cha namba, upande wenye nyuzi ukiwa kwenye jicho langu, nikaizungusha taratibu. Ikifika sehemu fulani kidirisha chote kinakuwa cheusi tii, namba hazionekani, ukizungusha robo zinarudi. Ikifanya hivyo ni CPL ya kweli. Isipobadilika kitu umeuziwa kioo cha rangi tu, irudishe hapohapo. Kwa zile ND nilitumia karatasi nyeupe, nikapiga picha bila filta halafu na kila filta, nikalinganisha weupe. ND8 karatasi ilibaki nyeupe, ND64 ikaingia ubaridi kidogo sana, ND1000 ikatoka na wekundu wa matofali. Nikajipa moyo kwamba ntairekebisha kwenye kompyuta.

Sasa Matema. Kwa msiofika, ni kona ya kaskazini kabisa ya Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela, unashuka kutoka Mbeya kupitia Uyole, Tukuyu, halafu Ipinda. Ufukwe wenyewe ni mchanga, mrefu, mzuri, ila mimi mchanga haukunipeleka kule. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja mpaka majini, mchanga unaisha na mawe yanaanza, makubwa kama magari na mengine kama nyumba. Wenye kwenda Ikombe kwa wafinyanzi wa Kikisi wanapita hukohuko kwa mtumbwi. Nilienda Julai makusudi. Huo ndo msimu wa upepo wa kusini mashariki, wenyewe wanauita mwera, na ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, kwahiyo upepo una nafasi ndefu sana ya kuyasukuma maji kabla hayajafika kwenye ile kona. Watu wanadhani ziwa halina mawimbi. Waende Julai wakasimame kwenye yale mawe.

Kitu kimoja cha njiani kabla sijaendelea. Mbeya ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na ziwa halifiki mita 500, yaani unatoka kwenye sweta unaingia kwenye jasho siku hiyohiyo. Kamera ikitoka na ubaridi wa juu ukaifungua pale chini kwenye hewa ya unyevu, kioo kinapata ukungu papo hapo, na ukiwa na filta mbili mbele ukungu unaingia katikati ya filta na filta, huwezi kuufuta bila kufungua kila kitu. Nilipoteza jioni nzima ya kwanza kwa hilo. Liache begi limefungwa chumbani saa moja au zaidi, lipate joto la pale, ndo ufungue.

Asubuhi ya kwanza nilikuwa kwenye mawe saa kumi na mbili na nusu. Nataka niongee kidogo kuhusu mwanga wa pale maana ndo uliobadilisha mawazo yangu kuhusu hizi filta. Jua la Matema linachelewa kukufikia, liko nyuma ya milima, Julai mpaka saa mbili na kitu ndo linakugonga usoni. Lakini mbingu imeshaamka zamani. Kwahiyo kwa zaidi ya saa nzima una mwanga wa kutosha wa kupigia picha ambao hauna jua ndani yake, hauna kivuli kikali, unatoka juu kote sawasawa kama umewasha taa nyuma ya shuka. Na povu wakati huo sio jeupe! Povu ni viputo vingi vidogo, kila kiputo kinarudisha mwanga na kuurusha kwa mwenzake, rangi zote kwa usawa, ndo maana tunaliona jeupe japo maji yenyewe hayana rangi. Maana yake ni kwamba povu linavaa rangi ya mwanga lililopewa. Ukilipa mwanga wa mbingu peke yake linakuwa la bluu, bluu ya maziwa yaliyotiwa maji. Jioni jua likiinama upande wa Kyela povu hilohilo linakuwa la dhahabu, dakika chache baadaye la waridi. Kamera ukiiacha AUTO kwenye rangi inakunyang'anya yote hayo, inayarudisha kuwa meupe, kwahiyo iweke kwenye alama ya jua na uiache hapo kutwa nzima.

Basi nikafunga ND1000. Saa moja na robo, f/11 (tundu la lensi), ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga), bila filta kamera ilikuwa inataka shata ya 1/30, yaani sehemu moja ya 30 ya sekunde. Ukizidisha mara elfu ni kama sekunde 33. Nikapiga. Nikasubiri. Picha ikatoka na mawe mazuri, makali, na kuyazunguka kukawa na ukungu. Laini, umetulia, hauna mwanzo wala mwisho. Nikapiga kama ishirini hivi, sehemu tofauti, mawimbi tofauti, na ukizipanga zote maji ni yaleyale. Wimbi kubwa lililoniruka mpaka magotini na wimbi dogo lililolamba tu jiwe yametoka sawa, kwasababu ndani ya sekunde 33 yanaingia mawimbi matano au sita na kila moja linafuta kazi ya mwenzake. Na ule wekundu wa karatasi ulikuwepo, kwenye vivuli vya mawe hasa, nimehangaika nao kwenye kompyuta na haukutoka wote. Filta nyeusi sana za bei ya chini mara nyingi zinazuia mwanga tunaouona zinasahau ule wa infraredi, kamera inauona na kuuandika kama wekundu. Kwenye ND8 huwezi kuugundua, kwenye ND1000 umebaki wenyewe.

Nikaitoa, nikafunga ND8. Mara nane ya 1/30 ni robo sekunde. Na hapo aisee ndo nikaelewa nilichokuwa nakitafuta miaka yote.

Kuna jiwe moja pale lina mfereji katikati, mpana kama kiganja. Wimbi linapanda juu ya jiwe, linapasuka, halafu maji yanarudi ziwani kwa kupita kwenye ule mfereji, yanabeba povu. Robo sekunde unaona povu limegawanyika kuwa nyuzi, kila uzi na njia yake, nyingine zimenyooka katikati maji yanakokimbia, za pembeni zimejikunja maana zimegusa jiwe zikachelewa, na pale chini mfereji unapoishia zinafunguka kama nywele zilizofumuliwa. Unaona kwa macho maji yalitoka wapi na yalikuwa yanaenda wapi. Picha inayofuata nyuzi zimekaa tofauti, hazirudii. Nilipiga lile jiwe moja zaidi ya saa, sikuhama, na kila picha ilikuwa na wimbi lake.

Kwahiyo kanuni yangu sasa hivi, usianze na filta, anza na muda. Kwa povu la Matema nataka kati ya robo na nusu sekunde. Ikiwa fupi sana kama 1/60 povu linagandishwa, unapata matone hewani, nayo ina uzuri wake lakini haihitaji filta yoyote. Ukivuka sekunde 2 nyuzi zinaanza kuungana. Ukishajua muda unaoutaka unaangalia mwanga uliopo unachagua filta ya kukufikisha. Asubuhi kabla ya jua na jioni, ND8. Mchana jua likiwa kali f/11 inakupa kama 1/200, ND8 itakufikisha 1/25 tu, haitoshi, hapo ND64 ndo kazi yake maana inakupeleka kwenye theluthi ya sekunde, palepale unapopataka. Niliitumia siku ya pili saa tano asubuhi na rangi yake ni ya kuaminika. Ila mwanga wa mchana kwenye povu ni mgumu, povu linaungua haraka sana, kitu cheupe ndani ya jua kali kamera inakigeuza kuwa doa la chokaa lisilo na kitu ndani. Shusha mwanga stopi nzima, vivuli utavipandisha baadaye kwenye kompyuta, ila povu likishaungua halirudi.

Sasa CPL, ambayo niliinunua kama nyongeza na imekuwa ndo haitoki kwenye lensi.

Mwanga ukigonga maji na kuruka, unaruka umejipanga, unatikisika upande mmoja. Kuna Mskochi anaitwa David Brewster aliandika kanuni yake mwaka 1815, kwa maji unakuwa umejipanga kabisa ukiangalia kwa mshazari wa kama digrii 53 kutoka wima, yaani sio chini ya miguu yako wala sio kule mbali kwenye upeo, ni pale katikati. CPL inazuia mwanga uliojipanga upande huo. Hiyo habari nilikuwa naijua kwa kusoma. Kusimama kwenye jiwe na kuzungusha pete ukiwa unaangalia ndani ya kamera ni kitu kingine. Juu ya maji kuna ngozi ya kung'aa, ya kijivu, huoni kitu. Unazungusha taratibu, ile ngozi inapungua, inapungua, halafu maji yanafunguka na unaona chini, mawe ya duara yamepangana, mstari mweupe kwenye jiwe moja unaendelea mpaka kwenye kina, na wale samaki wadogo wa bluu wanazunguka mawe, kila mmoja na jiwe lake. Nikazungusha ikafunga. Nikazungusha ikafunguka. Nilirudia mara nyingi kweli.

Lakini cha muhimu kwa povu ni hiki na sijawahi kusikia mtu akikisema hapa kwetu: povu halijali CPL. Mwanga wa kwenye povu umegongana na viputo vingi kiasi kwamba haujajipanga tena, unatoka kila upande, kwahiyo ukizungusha CPL maji yanakuwa meusi, mng'ao wa jiwe lililolowa unatoka na rangi ya jiwe inaonekana, na povu linabaki na weupe wake, linapungua sawa na picha nzima tu. Tofauti kati ya povu na kila kitu kingine inaongezeka bila wewe kugusa kompyuta. Halafu CPL yenyewe inakula mwanga wa kama stopi moja na nusu, kwahiyo asubuhi mapema mara nyingi unapata muda unaoutaka kwa CPL peke yake, ND8 hata haitoki begini. Kwa mtu mwenye hela ya filta moja tu, ndo hii.

Ila usiizungushe mpaka mwisho. Nilifanya hivyo asubuhi nzima ya pili, nikarudi chumbani naona mawe yanaonekana makavu. Maji yanapita juu yake lakini jiwe kavu, limekufa. Jiwe lililolowa tunalijua ni limelowa kwa ule mng'ao, ukiufuta wote umefuta na maji. Sasa hivi naizungusha mpaka mwisho halafu naurudisha mng'ao kidogo, mpaka ninapoona jiwe limelowa tena. Na kama lensi yako inachukua eneo pana, kama yangu ikiwa kwenye zumu ya milimita 18, usiweke anga kubwa kwenye picha ya CPL, kuna sehemu ya anga itakuwa ya bluu iliyokolea na pembeni imepauka, inaonekana kama doa.

Mtu ataniuliza, na baharini je? Mwaka jana nilishuka Dar kwa kazi ya harusi nikaenda na kamera kwenye yale majabali ya Coco Beach alfajiri, kwahiyo filta ya ND8 ya kuazima niliwahi kuitumia kule, na povu la kule lina tabia nyingine. Chumvi inazuia viputo visiungane, vinabaki vidogo na vingi, povu linakuwa zito na jeupe zaidi na linakaa. Wimbi likirudi linaacha shuka la povu lenye matundu matundu kama kitambaa cha kufuma, na hilo unaweza kulipa sekunde nzima likabaki na umbo. Ziwani viputo vinaungana haraka, vinakuwa vikubwa, vinapasuka, ukichelewa huna kitu, ndo maana nasema robo mpaka nusu. Baharini pia kuna kupwa na kujaa, siku za bamvua maji ya Dar yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, jiwe ulilolipenda asubuhi mchana liko chini ya maji. Nyasa jiwe lako utalikuta palepale kesho, na mimi nadhani kwa mtu anayejifunza hilo ni zawadi kubwa, unarudi kwenye jiwe lilelile na mwanga tofauti. Na baharini kila tone likikauka kwenye filta linaacha chumvi, ukifuta kavu unakwaruza kioo, lazima uoshe na maji ya chupa kwanza. Ziwani tone ni tone tu, kitambaa kinatosha.

Kuna watu pale ufukweni walikuwa wanasema povu la kahawia lililojikusanya kwenye kona moja ni sabuni za wanaofua. Sabuni inaweza kuwepo, lakini povu lenyewe ni la asili, mabaki ya majani na viumbe vidogo vya majini vikioza vinatoa vitu vinavyofanya kazi kama sabuni, mawimbi yakichapa linatokea. Ndo maana baada ya mawimbi makubwa linakuwa jingi. Usilikimbie, kwenye mwanga wa jioni ile rangi ya kahawia inakuwa kama asali.

Mapungufu ya boksi lenyewe. Nyuzi za pete ni laini sana, ND64 na CPL ziliwahi kung'ang'aniana mpaka nikatumia ndala, unaweka filta kifudifudi kwenye soli ya ndala unabonyeza sawasawa unazungusha, inaachia. Kimfuko chake kimechanika mshono mwezi wa kwanza tu. Ukifunga filta mbili pamoja kwenye lensi pana kona za picha zinaingia weusi, kwahiyo ni moja, mbili mwisho na uzumu kidogo. Muuzaji aliniambia vioo vyote ni vya daraja moja, na sio kweli, ND1000 na ND8 haziwezi kuwa zimetoka kwenye kazi moja. Nilipompigia akasema hilo ni suala la kamera yangu. Nilimtumia picha za karatasi, hajajibu mpaka leo. Kwahiyo ushauri wangu kwenye kununua ni huu, muulize kama anauza mojamoja, mimi kwa bei aliyonitajia baadaye CPL na ND8 peke yake zingenitoka TSh 70,000.

Wenye simu msijione mmeachwa. CPL ishike kwa mkono mbele ya kamera ya simu, izungushe ukiangalia skrini, inafanya kazi ileile. Nyuzi za povu hutazipata vizuri bila kutuliza simu mahali, lakini maji yatafunguka.

Na tafadhali, usiangalie jua kwa jicho kupitia ND yoyote hata kama ni nyeusi kiasi gani, hazijatengenezwa kwa hilo, zinaweza kukuharibia macho. Na kwenye mawe usiyape maji mgongo. Ule ute wa kijani unateleza kuliko matope, na mawimbi yanakuja madogo madogo mengi halafu linaingia moja kubwa bila taarifa. Uliza wenyeji kabla hujashuka popote usipopajua.

Siku ya tatu jioni alikuja mzee mmoja mvuvi, mtumbwi wake ulikuwa umevutwa pembeni ya mawe yangu, akakaa ananiangalia navyozungusha ile pete. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Muda wote unazungusha hiyo, unatafuta nini?" Nikaifungua CPL kwenye kamera nikampa mkononi, nikamwonyesha aishikeje. Akaiweka kwenye jicho akaangalia majini, akaizungusha, akanyamaza. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akanyoosha kidole kwenye kivuli cha jiwe moja nje kidogo, akasema, "Hapo pana magege, watatu. Mmoja mkubwa." Mimi sikuwaona mpaka aliponirudishia nikaangalia palepale alipoonyesha. Akaniuliza kama kioo hicho kinauzwa kikiwa viwili, cha kuvaa, maana mikono yake inakuwa na kasia.

Vipo, ni miwani ya jua ya polaraizi, ila hakikisha ni ya kweli kwa kile kipimo cha kikokotoo maana bandia zimejaa. Nimepata moja sokoni Mwanjelwa, Mbeya, jana, nimeipima palepale dukani, kidirisha kimeingia giza. TSh 25,000. Kijana wa basi la Ipinda amekubali kuifikisha Jumamosi.